Wageni wa posa Jumamosi: juisi ya machungwa, sharubati ya ndimu au mchanganyiko?

BintiChumbageni
Wadau habari zenu, na wakubwa shikamooni. Tunaletewa posa ya mdogo wangu, wageni wanatoka Dar, na jukumu la kinywaji nimetupiwa mimi. Soda mama kazikataa kabisa, anasema soda mtu anakunywa hata Kange akisubiri basi. Anataka kitu cha nyumbani, cha baridi, kichachu kidogo, mgeni akipiga funda moja asahau joto la njiani.

Nimebaki na matatu: juisi ya machungwa matupu, sharubati ya ndimu na tangawizi, au machungwa nichanganye na pasheni. Kipi hakitanitia aibu? Nijibuni mapema, nataka kushuka soko la Mgandini.

MzeeWaMakorora
Marahaba mwanangu. Hongereni kwa heri hiyo. Ila hujasema wageni wangapi, wanafika saa ngapi, una friji au huna, na bajeti iko wapi. Tukujibu nini sasa?

FundiFriji_Mabawa
Na blenda ipo? Na kama ipo, umeme mtaani kwenu ukoje? Maana mimi naishi kwa friji za watu, najua zinavyolala.

Somo_wa_Ngamiani
Maswali ya nini yote hayo, shoga yangu fanya ndimu! Posa yoyote ya Tanga niliyoingia, sharubati ya ndimu ndiyo inayoisha kwanza. Chemsha maji na sukari ipate kuwa shira nyepesi, humo humo utie tangawizi uliyotwanga kinuni na punje za iliki zilizopasuliwa. Epua, funika, iache ipoe kabisa. Ndimu unakamua mwisho, shira ikiwa baridi, la sivyo ladha inakuwa kama dawa ya mafua. Chuja kwa kitambaa cheupe, tia chumvi kidogo sana, ile ya kuokota kwa vidole viwili. Nanaa unaisugua viganjani ndipo unaitupia kwenye jagi.

Sukari usitie kwenye maji baridi. Itakaa chini, wa mwanzo atakunywa uchachu na wa mwisho atakunywa asali.

MwanaMuheza
Yaani mtu yuko Tanga, Muheza ni pua na mdomo, halafu awape wageni maji ya ndimu? Hiyo ni kuwapa watu wa Dar la kusimulia. Machungwa, tena matupu, usiongeze tone la maji. Pasheni ipeleke kwenye keki.

BintiChumbageni
Samahanini, nilikuwa jikoni. Wageni kama thelathini, ila upande wa kwetu sijawahesabu, wajomba wakija wote tunagonga hamsini. Friji ipo, ndogo, na ndani mna nyama. Blenda ipo.

Kaka MwanaMuheza, machungwa niliyoyaona jana sokoni ni ya kijani yote. Si mabichi hayo?

MwanaMuheza
Dada yangu wewe ni wa Tanga kweli? Chungwa la pwani linaiva na ganda lake la kijani. Ganda hugeuka rangi pakiwa na ubaridi wa usiku, na huku kwetu usiku unalala na feni. Usiangalie rangi. Lishike, likiwa zito kwa saizi yake na ganda limelainika na kung'aa kidogo, hilo lina maji. Lenye ganda gumu lenye vinundu na jepesi mkononi, liache hata kama ni la njano kama jua.

Ukikuta Valencia, chukua. Msasa nayo tamu. Yale yenye kitovu ni mazuri kumenya na kula, kwa juisi ya kukaa muda hapana, inageuka chungu.

HesabuTu
Naomba niingilie na namba, maana hapa kila mtu anasifia mti wake.

Watu 50, kila mmoja glasi mbili za robo lita. Hizo ni lita 25. Chungwa la wastani kwa kukamua na mkono linatoa kama mililita 70. Kwa juisi tupu unahitaji machungwa yasiyopungua 350, na mikono ya kuyakamua. Nani atakamua?

Ndimu moja nzuri inatoa kama vijiko viwili vya chakula. Lita moja ya sharubati inataka ndimu nne na sukari gramu 100. Kwa lita 25 ni ndimu 100, sukari kilo mbili na nusu, tangawizi kama nusu kilo. Watu wawili wanamaliza kabla ya adhuhuri.

Njia ya katikati: nusu juisi ya machungwa, nusu maji yaliyochemshwa, ndimu mbili kila lita kuirudishia ukali. Machungwa yanashuka hadi kama 180. Hapo mfuko unapumua.

MwanaMuheza
Nusu maji! Hiyo si juisi, ni maji yaliyopita karibu na chungwa.

TotoLaPangani
BintiChumbageni, kabla hujaamua naomba nikupe kisa, maana hili lilitukuta kwenye ukoo na mpaka leo wajomba wakikutana linazungumzwa.

Ilikuwa posa kama hiyo yako, nyumba ya mama mdogo. Kukaonekana kukamua ni shida, akakodiwa mpishi wa shughuli, bwana mmoja mwenye maneno mengi. Akaja usiku wa kuamkia. Machungwa akamenya ganda la juu tu, akayatia kwenye blenda na mbegu zake na ule weupe wake, akasaga. Akachuja kwa chujio la chai. Ilipotoka ilikuwa tamu, sisemi uongo, tulionja wote tukamsifu. Akaimimina kwenye sufuria kubwa la alumini, lile la pilau, akafunika, akaenda kulala.

Asubuhi mama mdogo anaonja, uso ukamkunjika. Chungu! Chungu ya kubaki kooni. Na kwa mbali ladha ya bati. Mpishi anasema tatizo sukari, akaongeza kilo. Ikawa chungu na tamu. Akaongeza tena. Kufika saa nne, juu imefanya povu jembamba na kuna viputo vinapanda pembeni. Ndiyo inaanza kuchacha hiyo, joto la Pangani halisubiri. Bibi akasema mwenye kuipeleka hiyo mbele ya shehe aipeleke yeye, mimi simo.

Mngedhani imeishia hapo. Mpishi akatuma kijana alete barafu ili "iue ladha". Kijana akaleta pande la barafu limefungwa gunia, akalipasua kwa nyundo, akatumbukiza. Kumbe barafu ile katoka nayo kwa wachuuzi wa samaki. Wageni wameshakaa mkekani, mzee wa upande wa bwana harusi ananyanyua glasi, ananusa, anaiweka chini taratibu, anauliza kwa adabu kabisa, "Na maji yapo?"

Posa ilipita, watoto wanao wawili sasa. Lakini huyo mzee kila akija kwetu anabeba chupa yake ya maji.

Somo_wa_Ngamiani
😂😂😂 "Na maji yapo?" Nimecheka hadi nimemwaga chai.

HesabuTu
Kisa kina mafunzo kuliko mapishi yote ya humu. Uchungu unatoka kwenye mbegu na ule weupe. Ukisaga, saa ile ile huusikii, unapanda taratibu kadiri juisi inavyokaa. Na uchachu ukilala kwenye alumini unakula chombo. Ndoo safi ya plastiki ya chakula yenye mfuniko, au steli, au kioo. Blenda muiache na pilipili yake.

MzeeWaMakorora
Blenda haina kosa. Toa mbegu, toa weupe, saga kwa kugusa tu, chuja haraka. Mimi nyumbani tunafanya hivyo.

HesabuTu
Mzee wangu, kumenya weupe wa machungwa 180 ni kazi kuliko kuyakata katikati na kukamua.

MzeeWaMakorora
Kwani una haraka ya kwenda wapi?

FundiFriji_Mabawa
Kuhusu barafu. Friji ndogo yenye nyama haitapoza lita 25, msijidanganye, itapoza mlango. Chemsha maji leo, yapoe, jaza kwenye chupa tupu za maji, omba friza za majirani wawili watatu. Jumamosi unazitumbukiza chupa nzimanzima na mifuniko yake ndani ya ndoo ya sharubati, baada ya kuziosha nje. Inapoa bila kuzimuliwa, na hakuna barafu ya mtu usiyemjua inayogusa kinywaji. Nina deli kubwa la kutunzia baridi pia, nitakuazima.

UkwajuHalisi
Nashangaa hakuna aliyetaja ukwaju. Unauloweka usiku, unaufinya asubuhi, unachuja, sukari, basi. Hauchachi upesi, bei ya kawaida, na kwa tumbo lililosafiri…

Somo_wa_Ngamiani
Kwa tumbo lililosafiri wageni wako watapanga foleni uani. Posa hiyo kaka, si zahanati.

UkwajuHalisi
Kwa kiasi haufanyi hivyo. Mnautukana ukwaju humu kila mada.

Famasi_ya_Kona
Mimi neno langu ni kwa wazee. Humo kutakuwa na wa sukari na wa presha. Juisi ya machungwa hata bila kuongeza kitu ina sukari yake, kwa hiyo tenga jagi la ndimu lisilo na sukari, au la maji na vipande vya limau na nanaa. Na asitokee mtu akakushauri balungi. Balungi linagombana na baadhi ya dawa za presha na za kushusha mafuta mwilini, dawa inazidi nguvu kwenye damu. Kwenye posa huwezi kupita ukiuliza kila mzee anameza nini.

MzeeWaMakorora
Hapo umenena. Mimi mwenyewe namezeshwa vidonge viwili, na balungi nalipenda, nililiacha.

BintiChumbageni
Asanteni jamani. Sasa nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo. Mama kasoma uzi huu wote kwenye simu yangu, kakipenda kisa cha Pangani, na sasa anasema ndimu. Baba anasema machungwa kwa sababu ana rafiki yake Muheza atatuletea gunia. Danzi je, yale machungwa makali, zinafaa? Jirani ana mti.

Somo_wa_Ngamiani
Danzi moja mbili kwenye ndimu zinaleta harufu nzuri ajabu. Kukamua danzi tupu usijaribu, utawafukuza.

MwanaMuheza
Huyo rafiki wa baba analileta gunia la kawaida au lumbesa? Uliza, maana siku hizi gunia lina kichwa na mabega.

HesabuTu
Kwa anayenunua lumbesa ni nafuu yake.

MwanaMuheza
Nafuu ya nani? Mkulima anahesabiwa gunia moja, yamejazwa ya gunia moja na nusu. Msimu ukikolea magari yanakuja shambani mpaka ya kutoka Kenya, dalali anapanga bei amekaa kivulini, wewe mwenye mti unaambiwa chukua au yaoze. Sheria ya vipimo ipo, lumbesa ipo vilevile. Nina miti ya baba yangu pale, nafahamu ninachosema. Ndiyo maana nikisikia mtu anatia nusu maji roho inaniuma, mngenunua mara mbili.

MzeeWaMakorora
Kwa hiyo sababu ya kukazania machungwa matupu ni biashara!

MwanaMuheza
Mzee wangu, na ladha pia. Na biashara.

UkwajuHalisi
Ukwaju hauna lumbesa.

TotoLaPangani
Nawauliza watu wa Muheza, kwa nini hamtengenezi wenyewe juisi ya chupa mkauza? Kila mwaka machungwa yanamwagika chini ya miti, halafu madukani tunanunua pakti zilizotoka nje ya nchi.

MwanaMuheza
Swali hilo lifungulie uzi wake, nikianza hapa wageni watafika sijamaliza. Umeme, chupa, mashine, mtaji, na yale yenye kitovu niliyoyataja.

Famasi_ya_Kona
Dada, mlisema wanafika saa ngapi? Mzee aliuliza mwanzo, hujajibu. Kama ni baada ya alasiri, kamua baada ya adhuhuri. Kama ni asubuhi, shira ipike Ijumaa usiku, ndimu au machungwa ukamue alfajiri. Usilaze kitu kilichokamuliwa.

BintiChumbageni
Walisema saa nne. Ila ni watu wa Dar na barabara, inaweza kuwa saa nane. Nafikiri nitafanya ndoo ya ndimu na jagi chache za machungwa kwa meza ya wazee, nione. Au machungwa yakija mengi nitageuza. Shangazi naye anatoka Amani, anasema anakuja na mchaichai na iliki zake na nisifanye chochote mpaka afike.

Somo_wa_Ngamiani
Shangazi akishasema hivyo uzi umefungwa, hutafanya cha kwako hapo. Ila nanaa nunua asubuhi ya siku yenyewe, ya jana inakuwa nyeusi.

HesabuTu
Hesabu ya mchaichai sina.

FundiFriji_Mabawa
BintiChumbageni, deli utume mtu alifuate Ijumaa baada ya swala. Na lirudi Jumapili, Jumatatu kuna bwana analipeleka Pangani.

TotoLaPangani
La samaki?