Kikundi cha UKOO WETU: Safari ya Tatu, Pamba na Mkaa

*JUMANNE*

*Salma 19:02*
Shikamooni wakubwa. Wadogo habari zenu. Nina jambo moja na naomba lisizame kwenye picha za maua ya asubuhi njema. Tatu anaondoka baada ya siku 19. Hajawahi kupanda ndege. Na anaondoka na paka wake Pamba na Mkaa, wote wawili. Leo nimewapigia watu wa ndege. Wanasema abiria mmoja mkoba mmoja wa mnyama, unakaa chini ya kiti cha mbele. Paka wa pili anataka mtu wa pili. Nafasi za wanyama ndani ya ndege ni chache, zikijaa zimejaa. Imebaki MOJA. Wanaishikilia mpaka Alhamisi mchana.

*Salma 19:03*
Nani anakwenda na Mkaa?

*Salma 19:31*
Naona wameshasoma watu kumi na mmoja.

*Salma 19:32*
Kumi na wawili sasa.

*Juma 19:40*
Kwani Mkaa mwenyewe anasemaje

*Salma 19:41*
Juma si leo.

*Tatu 19:44*
Da Salma ungesubiri nikuambie kwanza kabla ya kuleta huku 🙈

*Salma 19:45*
Ningesubiri ungekuja kuniambia ukiwa uwanjani unalia. Baba Mdogo Idi, si nawe una safari ya kulekule mwezi ujao? Tiketi inasogezwa. Siku nne tu.

*Salma 19:58*
Baba Mdogo?

*Shangazi Zena 20:06*
Idi na paka. Haya.

*Tatu 20:10*
jamani msimlazimishe Ba Mdogo. nawaza niwatie wote kwenye mkoba mmoja

*Salma 20:11*
Hawaingii. Umempima Mkaa?

*Tatu 20:15*
nimepanda kwenye mizani naye halafu nikajipima peke yangu nikatoa. kilo 6.4

*Salma 20:16*
Na mkoba?

*Tatu 20:16*
1.3

*Salma 20:18*
7.7. Kikomo chao ni 8 pamoja na mkoba, wengi wao ndivyo walivyo. Kwa hiyo hata panya wa kuongezea hakuna. Asile sana wiki hizi.

*Juma 20:19*
Mkaa afunge

*Shangazi Zena 20:27*
Msimshindishe paka na njaa! Paka mnene akikaa siku mbili tatu hajala, mafuta yanakimbilia kwenye ini na anaweza kufa. Mnaona mchezo. Siku ya safari ale kidogo, saa nne tano kabla, basi. Maji apewe.

*Salma 20:29*
Sawa Shangazi. Au Mkaa ashushwe kule chini kwenye mizigo? Nimeuliza, sehemu wanayoweka wanyama ina hewa na joto kama sisi huku juu.

*Tatu 20:29*
HAPANA

*Tatu 20:30*
samahani sikutaka kupaza sauti. hapana dada

*Juma 20:34*
Nina habari ya kutuliza moyo. Oktoba 1910 bwana mmoja anaitwa Walter Wellman alitaka kuvuka Atlantiki kwa puto kubwa la injini. Wakampakia paka, Kiddo. Paka akalia, akakimbia huku na huku, mpaka fundi akapeleka ujumbe kwa redio kuwaambia wenzao waje wamchukue paka wao. Inasemwa ni kati ya ujumbe wa kwanza kabisa wa redio kutoka kwenye chombo cha angani. 😹 Wakajaribu kumteremsha ndani ya mfuko, bahari ikakataa, akabaki. Baadaye akatulia akalala kabisa

*Tatu 20:36*
kumbe alitulia. afadhali

*Hamisi 20:37*
Wakafika?

*Juma 20:38*
Eeh… chombo kiliharibika wakakiacha baharini. Lakini meli iliwaokoa wote na paka!

*Tatu 20:38*
Juma asante sana

*Salma 20:39*
Juma toka nje ukapunge upepo. Hamisi umekuja miezi mitatu baadaye kuuliza hilo tu? Unakwenda na Mkaa?

*Salma 20:52*
Hamisi?

*Salma 21:15*
Turudi kwenye jambo. Makaratasi. Tatu, ile chipu ya utambulisho ya chini ya ngozi iliwekwa kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa au baada?

*Tatu 21:17*
kabla. siku moja, chipu kwanza halafu sindano. daktari alisema zikigeuka chanjo haihesabiki

*Salma 21:18*
Na siku 21 za kungoja zimepita?

*Tatu 21:18*
zamani. cheti cha afya ndicho bado, hicho kinatolewa siku za mwisho mwisho

*Salma 21:20*
Umwombe daktari na kidonge cha usingizi cha Mkaa. Alale mpaka mfike.

*Juma 21:20*
Cha Mkaa au cha Tatu

*Tatu 21:24*
nilimwomba akakataa. dawa za kulaza zinashusha mgandamizo wa damu, paka anashindwa kujishika, na akiwa chini ya kiti nani atajua amezidiwa. amenipa nyingine ya kupunguza wasiwasi tu, nimjaribishie kwanza hapa nyumbani nione inavyomchukua. nimempa jana. alikuwa mpole akakaa anautazama ukuta

*Juma 21:25*
Kama Ba Mdogo siku ya mahari

*Mama Mwana 21:25*
😂😂😂😂

*Shangazi Zena 21:26*
😂 Astaghfirullah

*Mama Mwana 21:27*
Siku ile!! Na koti lile

*Hamisi 21:27*
Koti 😭😭

*Salma 21:30*
JAMANI. Mkoba je? Usije kumwonyesha mkoba asubuhi ya safari.

*Tatu 21:33*
upo wazi sebuleni wiki ya pili. nimetandika fulana yangu ambayo sijaifua. Pamba analala humo siku hizi. Mkaa anaingiza kichwa anatoka. leo ameingiza na miguu ya mbele

*Tatu 21:34*
kusema kweli Mkaa atazoea. mimi ndiye sijui. nikifumba macho usiku nasikia ndege inashuka

*Salma 21:36*
Utakwenda vizuri. Ndege ni salama kuliko barabara, kila mtu anajua. Usiwaze.

*Tatu 21:41*
sawa dada

*JUMATANO*

*Hawa 06:12*
Tatu nimesoma sasa hivi, nilikuwa zamu ya usiku. Kuambiwa usiwaze haisaidii, mimi niliambiwa na watu saba. Kilichonisaidia ni kujua sauti. Ndege ikishaacha ardhi utasikia kishindo chini ya miguu, hayo ni magurudumu yanaingia. Halafu baada ya dakika moja mbili injini zinapungua sauti na tumbo linakuambia tunaanguka. HAMUANGUKI. Rubani amepunguza nguvu tu, ya kupaa haihitajiki tena, na ndege bado inapanda. Mimi hapo nilimshika mkono mzee mmoja nisiyemjua na sikumwachia mpaka walipoleta maji.

*Hawa 06:15*
Omba kiti usawa wa mabawa, pale mtikisiko unapungua. Mstari wa mlango wa dharura hutapewa ukiwa na paka, wala ule wa mbele kabisa usio na kiti cha kuwekea mkoba. Ukitazama bawa likipepesuka usiogope, limetengenezwa lipinde. Lisilopinda ndilo linalovunjika. Ikitikisika funga mkanda, na pumzi itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Hesabu nne kuvuta, sita kutoa. Masikio yakiziba meza mate.

*Tatu 06:20*
Hawa 😭 asante. na masikio yao wao?

*Hawa 06:31*
Yanaziba kama yetu. Mkianza kushuka mpe kitu kidogo cha kulamba, akimeza yanazibuka. Asipotaka mwache. Na funika mkoba kwa kitambaa chepesi, hewa ipite. Sauti ndogo tusizozisikia sisi wao wanazisikia, angalau wasione na watu wanaopita. Chini tandika kile kitambaa cha watoto cha kunyonya mkojo. Beba na vingine viwili. Usiniulize nilijuaje.

*Salma 06:40*
Hawa Mungu akuzidishie. Unaweza kwenda naye wewe?

*Hawa 06:41*
Zamu

*Tatu 07:55*
ninachoogopa zaidi kuliko ndege ni ukaguzi. wanasema paka anatolewa, mkoba unapita peke yake kwenye mashine, mimi napita naye mikononi. watu wote wale na makelele. Mkaa akichomoka mikononi mwangu pale ndio basi

*Salma 08:02*
Mvalishe mikanda ya kifuani yenye kamba tangu nyumbani, kamba uizungushe kwenye mkono. Na waombe chumba cha pembeni, chenye mlango. Wanakubali ukiomba mapema, kabla hujafungua zipu. Ufike na saa ya ziada kwa ajili hiyo.

*Shangazi Zena 08:09*
Mlango uhakikishe mwenyewe kwa mkono wako. Usiambiwe na mtu umefungwa. Sisi tuliambiwa.

*Salma 08:10*
Shangazi tafadhali

*Shangazi Zena 08:12*
Nimesema nini? Nimesema mlango. Yule paka wetu Sharubu alipita mlangoni, hakupita ukutani.

*Mama Mwana 08:13*
Haya tena

*Juma 08:14*
Nani anataka kusikia habari ya paka mwingine

*Hamisi 08:14*
Hapana Juma

*Baba Mdogo Idi 12:47*
Nimesoma yote. Salma, mimi paka sishiki. Na mnajua kwa nini sishiki. Miaka yote hii kila nikiingia nyumba yenye paka kuna mtu anatazama mlango halafu ananitazama mimi. Nilibeba masanduku manane siku ile ya kuhama. Nilitafuta siku tatu na tochi. Zena ulikuwa umekaa mbele ndani ya gari.

*Shangazi Zena 12:51*
Nilikuwa nimempakata Mama alikuwa anaumwa!! Wa mwisho kutoka nani?

*Baba Mdogo Idi 12:52*
Basi.

*Shangazi Zena 12:52*
Wa mwisho kutoka nani Idi

*Ujumbe huu umefutwa 12:53*

*Tatu 12:58*
jamani naomba. nitamwacha Mkaa. atakaa na mtu hapa. basi

*Salma 12:59*
Hakuna atakayeachwa. Wamezaliwa tumbo moja wale, Pamba hali chakula Mkaa asipokuwepo. Tulieni.

*Salma 13:40*
Nimewapigia tena watu wa ndege. Kesho saa sita mchana ndiyo mwisho wao. Nataka jina.

*Salma 15:22*
Jina moja tu jamani.

*Salma 17:05*
Watu kumi na wanne wamesoma.

*Bibi 18:30*
hapa anaandika Kadogo bibi ananiambia niandike

*Mama Mwana 18:30*
Shikamoo Bibi

*Hamisi 18:30*
Shikamoo Bibi

*Salma 18:31*
Shikamoo Bibi. Kadogo mwambie Bibi tunamsikiliza.

*Bibi 18:36*
marahaba bibi anasema amesomewa yote na koti pia. anasema mlango ule alirudi yeye. mlikuwa mmeshafunga. alirudi kuchukua kanga yake msumarini Idi alikuwa nyuma ya gari anafunga kamba. mikono ya bibi ilikuwa inamtetemeka kwa homa akausukuma mlango haukushika. alijua siku ileile usiku. anasema alinyamaza kwa sababu mlikuwa mmeshapata wa kumlaumu na yeye alikuwa anaumwa halafu siku zikapita akaona haya

*Bibi 18:38*
anasema Idi mwanangu nisamehe

*Bibi 18:39*
amemaliza anataka chai

*Tatu 19:20*
Bibi 💔

*Juma 19:24*
Mimi nimenyamaza leo

*Shangazi Zena 20:48*
Mama umeniacha nimseme ndugu yangu miaka yote hii.

*Shangazi Zena 20:49*
Idi pokea simu.

*Shangazi Zena 21:10*
Idi.

*Salma 21:33*
Wazee wangu, poleni. Bibi tunakupenda. Sitaki kuonekana sina adabu ila kesho saa sita haitasogea. Kama hakuna jina naliweka la kwangu, naomba ruhusa kazini, wasiponipa tutajua. Tatu wewe endelea na mkoba.

*Tatu 21:40*
dada wewe unapata mafua ukikaribia paka

*Salma 21:41*
Nitafunga kitambaa.

*Juma 21:42*
Naye atafunikwa kitambaa chepesi, hewa ipite

*Hawa 21:43*
😂 Juma si ulisema umenyamaza

*ALHAMISI*

*Baba Mdogo Idi 02:16*
Mama shikamoo. Hakuna cha kusamehe. Nitakuja Jumapili.

*Baba Mdogo Idi 02:19*
Tatu, huyo mweusi anauma?

*Tatu 02:20*
haumi Ba Mdogo. anakwaruza kidogo akishtuka. nawe hulali?

*Baba Mdogo Idi 02:24*
Mimi ndege nimepanda mara tano na kila mara nilifunga macho mpaka ikatua. Usimwambie Juma.

*Juma 05:50*
👀

*Salma 05:51*
Baba Mdogo!! Naweka jina lako? Niwapigie wakifungua tu saa mbili?

*Salma 05:52*
Nitumie namba ya tiketi yako

*Baba Mdogo Idi 06:30*
Nimeuliza tu kama anauma.

*Salma 06:31*
Hiyo ni ndiyo au siyo?

*Salma 08:05*
Baba Mdogo?

*Salma 09:47*
Zimebaki saa mbili.

*Bibi 10:02*
kadogo hapa. bibi anauliza Idi amepiga simu

*Tatu 10:15*
[picha] Mkaa ameingia wote. mkia umebaki nje