Miaka 34, pingili ya mgongo imebonyea bila kuanguka. Naombeni ushauri

Binti Ujiji: Wakuu habari za humu. Wiki iliyopita nimeinua ndoo ya maji tu nikasikia mgongo umelia ko, nimepiga eksirei naambiwa pingili imebonyea na mifupa imepungua ujazo, sasa mimi hata kuzaa sijazaa, pombe sinywi, sielewi kabisa. Nianze kalsiamu au supu ya kongoro inatosha?

Babu Kijiko: Kongoro hiyohiyo. Bibi yangu alibeba kuni mpaka uzeeni, nyie chipsi asubuhi chipsi jioni.

Sista Zai: Pole mdogo wangu. Kuna dawa unameza muda mrefu? Pumu, baridi yabisi? Usifiche.

Binti Ujiji: Hakuna. Labda vidonge vya kunenepa tu, deksa (deksamethasoni), viwili kwa siku, kama mwaka na nusu. Jamani vimenisaidia, ukweni walikuwa wananisema nimekauka. Na tangu juzi nimeacha kabisa kwahiyo hilo limeisha, mimi naulizia kalsiamu.

Sista Zai: Halijaisha! Hiyo ni steroidi. Viwili vya miligramu 0.5 ni karibu sawa na miligramu 7 za prednisoloni, steroidi nyingine, na hatari ya kuvunjika inapanda ndani ya miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Mfupa unabomolewa na kujengwa kila siku, steroidi inaua seli zinazojenga, utumbo nao unanyonya kalsiamu kidogo na nyingine inapotea kwenye mkojo. Kalsiamu na vitamini D utahitaji ila peke yake haitoshi, daktari anaweza kukupa alendronati, dawa ya kuzuia mfupa kubomoka, hiyo hukaa kwenye mfupa miaka, mwambie kama bado unataka mtoto. Na nani kakwambia ukate ghafla?

Dogo Mabibo: Hii chai. Mwaka na nusu anameza na ukweni hawajui? Weka eksirei tuone.

Mama Pacha: Chai ya nini, mdogo wangu alimeza hizohizo, uso ukawa duara na sukari ikapanda. Duka la dawa wanauza bila cheti.

Binti Ujiji: Siweki, ina jina langu. Uamini usiamini mgongo unauma. Sirudii vile vidonge ng'o. Halafu tangu asubuhi natapika na kizunguzungu, nahisi malaria.

Sista Zai: Siyo lazima iwe malaria. Tezi za juu ya figo zimezoea kulala, ukikata ghafla presha inashuka mpaka unazimia, watu wanakufa. Zima simu nenda hospitali sasa hivi, usiende peke yako, na ukifika tu sema umemeza deksa mwaka na nusu ukaacha juzi.