Majirani Jadida, Wete: shindano la boga

Jumatatu

Bi Zuwena: Asalaam alaykum majirani. Nakumbusha tena. Ijumaa tarehe 16 Oktoba ni Siku ya Chakula Duniani. Shindano la mapishi ya boga baada ya laasiri, uwanja wa skuli. Kiingilio elfu mbili, zote za wenye njaa. Umoja wa Mataifa wamehesabu watu milioni 673 waliokuwa na njaa 2024. Andikeni majina:
1. Zuwena, boga la nazi

Faki: Wa alaykum salaam

Jumanne

Bi Zuwena: Kundi zima hili, salamu moja tu?

Kombo: Mie niandike muonjaji 😂

Bi Zuwena: Waonjaji tunao Kombo

Mama Nassor: 2. Mama Nassor, kaimati za boga. Lakini vyombo sitoi. Sinia langu la maulidi mpaka leo sijaliona, na aliyenalo anasoma hapa.

Bi Zuwena: Hayo tuliyamaliza mbele ya sheha.

Mama Nassor: Mliyamaliza nyinyi. Sinia limerudi?

Kombo: 3. Sinia la nazi 😂😂

Salma: Samahani nilikuwa shamba. Maboga ya sokoni sasa maji matupu, yanamumunyuka. Tafuteni lenye kikonyo kikavu. Na tui zito litiwe mwisho. Mwaka ule mtu alilichemsha likakatika, tukala hivyohivyo.

Bi Zuwena: Salma, mtu huyo ana jina.

Kombo: Kwani kwa nini tarehe 16?

Bi Zuwena: Ndiyo siku FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipoundwa, 1945.

Kombo: Kumbe Bibi Time mkubwa kuliko FAO 😂

Jumatano

Bibi Time: Ananiandikia mjukuu. Kombo nimekusoma. Wakati wa Karume mchele tulipanga foleni, ukirudi mikono mitupu unachemsha boga kwa chumvi, watoto wanalala. Pikeni, sikukatazeni. Lakini mnagombania sinia, na humu mtaani ipo nyumba haijainjika chungu tangu juzi. Mnaijua.

Faki: Shikamoo Bibi

Kombo: Nisamehe Bibi.

Alhamisi

Bi Zuwena: Bibi tumekusikia. Basi kiingilio nusu iende nyumba ile leo hii, nusu tuitume Gaza. Mnakubali?

Mama Nassor: Nani atashika pesa?

Bi Zuwena: Salma.

Mama Nassor: Salma mwenyewe kakubali?

Bi Zuwena: Salma upo?

Mama Nassor: Mie mchele kilo tatu nishampa Nassor aupeleke. Hiyo nusu yenu mtajua wenyewe.

Faki: Shindano ni laasiri au baada ya magharibi?

Bi Zuwena: Faki soma juu. Salma?