Tupeane uzoefu: wolpepa ilikuishia ukuta gani?

Nahodha_Shela: Leo nimepita dukani nikasikia muuzaji akimpigia mama mmoja hesabu: "Chumba cha 3 kwa 4? Chukua roli 7, na zitabaki." Moyo ukanidunda. Najua tuko wengi tuliopigiwa hesabu hiyo. Mwageni hapa.

MamaRaya: Yangu iliishia nyuma ya mlango. Hadi leo pako vile vile.

Binti_Mkomani: Wacha niseme, maana uchungu haujanitoka. Harusi ya mdogo wangu, chumba cha bi harusi kiko ghorofani, nyumba ya kale, upana ule ule wa urefu wa boriti za dari: mita 2.6 kwa 6. Dari mita 3.2. Fundi akapima kuta, akazidisha, akapata mita mraba 55, akagawanya kwa 5.3 za roli moja. Akasema 11 zatosha. Zikaagizwa Mombasa, zikaja na basi hadi Mokowe, zikavuka na boti hadi kisiwani Lamu, punda akamalizia.

Sasa maua yake ni makubwa, yanajirudia kila sentimita 64. Hapo ndipo jahazi lilipozama. Kila kipande lazima kianzie kwenye ua lile lile, kwa hivyo ukitaka mita 3.3, yaani dari na sentimita 10 za kupunguza, unakata 3.84, maua 6 kamili. Roli ina mita 10.05. Inatoa vipande 2, halafu mita 2 na ushei unatupa! Roli 11, vipande 22. Chumba kinataka 33. Alasiri ya siku ya kupamba, ukuta mzima wa upande wa kitanda uko mtupu na fundi amezima simu. Shangazi zangu wakatoa leso sandukuni, wakaziangika kutoka darini hadi sakafuni, pini kwa pini. Mara akaingia mamake bwana harusi. Akasimama. Akashika pindo la leso moja, akaanza kuifunua...

Kijana_Langoni: Akaona nini?? Dada, usitufanyie hivi.

Nahodha_Shela: Tuko hapa tunangoja, chai inapoa.

Binti_Mkomani: Akaniuliza leso nimenunua wapi.

Kijana_Langoni: 😂😂 Wallahi nimemwaga chai.

FundiTimazi: Mita mraba ni hesabu ya rangi, si ya karatasi. Zungusha futikamba chumba kizima, gawanya kwa upana wa roli, 0.53. Hiyo ndiyo idadi ya vipande. Kisha chukua urefu wa ukuta, ongeza sentimita 10 za kupunguza juu na chini, uone roli inatoa vipande vingapi vizima. Chumba cha yule mama wa dukani: mzunguko mita 14, vipande 27. Dari tuseme 2.8, roli inatoa 3. Basi ni roli 9, na hapo hata maua hatujayagusa.

MamaRaya: Mbona hukutoa mlango na madirisha?

FundiTimazi: Kipande cha juu ya mlango nacho hukatwa kwenye roli, mama, na maua lazima yalingane na jirani yake.

MamaRaya: Kwa hivyo kabati langu la ukutani la mita 2 nalo nilivalishe? Mafundi bwana, mnapenda kutununulisha.

FundiTimazi: Kabati kutoka chini hadi dari toa. Dirisha usitoe.

Mzee_Chokaa: Nyote mmepotea. Nyumba ya mawe na chokaa inapumua. Ukiifunika na plastiki, unyevu na chumvi vitatafuta njia, na masika haijaisha karatasi itakuwa imejikunja. Wazee walichonga zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hawakubandika kitu.

Kijana_Langoni: Na zidaka zinapimwaje, mzee?

Mzee_Chokaa: Hazipimwi. Ziache.

Salma_Malindi: Hamjataja namba ya bechi, yaani ya roli zilizochapwa pamoja, ile iliyo kwenye lebo ya roli. Niliongeza roli baadaye, jina lile lile, maua yale yale. Mchana huoni kitu. Ukiwasha taa, ukuta mmoja kijani, wa pili umefifia. Nunua moja ya ziada siku hiyo hiyo.

Kijana_Langoni: Mie nilinunua 3 za ziada. Ziko mvunguni, mende wanakula gundi.

Bwana_Barani: Za kwangu ni zile pana, mita 1.06 kwa 15.6. Mzunguko 14, dari 2.8. Ngapi?

FundiTimazi: Vipande 14, roli inatoa 5. Chukua 3. Zina maua?

Bwana_Barani: Minazi.

FundiTimazi: Usilipe bado. Pima kutoka mnazi hadi mnazi kwanza.