Naomba ushauri: msimulizi wangu anaficha kosa, nimfichue lini?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nipo Jinja, Uganda, naandika riwaya ya taharuki na nimekwama.

Msimulizi ni dereva wa bodaboda. Usiku mmoja, kwenye barabara inayokata msitu wa Mabira, alimgonga mtoto, akazima taa, akatokomea. Sasa amepanga chumba kwa mama wa yule mtoto, na mama hajui. Kila asubuhi mama humletea dereva chai, naye dereva huimwaga nyuma ya choo ingali ya moto. (Hapo ndipo ninapopapenda, mikono inaungama kabla ya mdomo.)

Shida ni kwamba anasimulia mwenyewe, kwa "mimi". Nilificha ajali hadi sura ya 9, rafiki aliyesoma akaniambia nimemlaghai. Nikaihamishia ukurasa wa kwanza, taharuki ikafa. Dostoevsky, mwandishi wa Kirusi, katika riwaya yake ya 1866, Crime and Punishment, anaonyesha mauaji mapema na msomaji habanduki, lakini pale kuna mpelelezi anayemnusa muuaji. Kwangu hakuna anayemshuku.

Je, msimulizi anaweza kulikwepa tukio bila kumdanganya msomaji? Na mama aanze kushuku kabla msomaji hajajua, au baada?