Naomba ushauri: vitenzi vya herufi K vimenichanganya

Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha darasa la awali, watoto wa miaka 5. Wiki hii tupo kwenye maneno ya vitendo yanayoanza na herufi K. Nilitegemea kaa, kimbia, kata, kunja, kohoa. Nikauliza, "Nani ana lingine?" Wakajibu: kuruka, kulala, kucheza! Nikakosa la kusema, maana kweli yanaanza na K, ingawa hiyo "ku-" ni nyongeza tu ya mwanzo: kwenye amri tunasema ruka, lala, cheza.

Nimejaribu mchezo wa amri uwanjani: "Kaa! Kimbia! Kunja mikono!" Hapo wanaelewa vizuri, na kukohoa ndiko wanakopenda mno, hawanyamazi. Lakini nikiuliza "Mnafanya nini?" wanasema "tunakimbia", na K imeshapotea katikati ya neno. Kadi za picha nazo zina shida hiyohiyo.

Naomba msaada kwa mawili. Kwa umri huu, nibaki na amri tu, habari za "ku-" nisiziguse kabisa? Na "kula" na "kunywa" niziweke wapi? Hata kwenye amri tunasema "Kula!", na mtoto mmoja ameshang'ang'ania kuwa ni ya K.

Asanteni.