Kutoka jukwaa la chuo kwenda filamu huru: nini hubadilika mbele ya kamera?

pazia_jekundu aliuliza:

Wakuu, salaam. Nina michezo minne ya jukwaani chuoni, miwili nikiwa mhusika mkuu. Sasa nimepata nafasi kwenye filamu fupi huru: skripti kurasa 12, siku 3 za kupiga, timu ya watu saba, mazoezi mara mbili tu. Naomba wanaoijua kazi wanijibu kwa undani. Nijiandae vipi kabla ya siku ya kwanza? Mwigizaji wa jukwaani huharibu shoti kwa makosa gani? Na baadaye nitengenezeje video ya vionjo vya kazi zangu? Majibu ya "jiamini tu" nimeshapata ya kutosha.

karani_wa_sini:

Nianze na maandalizi. Jukwaani hadithi yenyewe inakubeba: ukifika onyesho la tatu, mwili umeshapita la kwanza na la pili. Kwenye filamu ratiba hufuata lokesheni, mwanga na nafasi za watu, kwa hiyo unaweza kumzika mama yako asubuhi na kugombana naye mchana. Na kwenye timu ya watu saba huenda hayupo hata mmoja ambaye kazi yake ni mwendelezo tu, yaani kuhakikisha vitendo, nguo na vitu vinafanana kutoka shoti hadi shoti.

Tengeneza jedwali lako. Kila sini mstari wake, kwa mpangilio wa hadithi, safu sita: namba ya sini, siku na saa ndani ya hadithi, nimetoka wapi dakika tano zilizopita, ninajua nini na sijui nini bado, hali ya mwili (pumzi, jasho, kidonda, nguo, nywele), kiwango cha hisia, 1 hadi 10. Safu ya "sijui nini bado" ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayozuia mhusika kuanza kulia machozi ya sini ya 9 akiwa sini ya 3. Safu ya mwisho hukusaidia kutotumia nguvu zote mapema: kama kilele ni 9 na unakipiga siku ya kwanza, sini za katikati zitabidi zikae 5 au 6 hata kama siku ya tatu unajisikia moto. Ratiba ikitoka, nakili jedwali hilohilo kwa mpangilio wa kupiga, ubebe yote mawili.

Mistari ijifunze bila mdundo. Isome haraka, bila hisia, huku mikono ina kazi: unaosha vyombo, unakunja nguo. Aliyekariri akiwa ameketi kimya hupoteza maneno pale mwongozaji anapomwambia amenye kitunguu huku anaongea.

Sasa hesabu ya mwendelezo. Sini ya dakika moja yenye watu wawili: shoti pana moja, za kifuani mbili, za usoni mbili. Hizo ni shoti tano. Kila moja ikirudiwa mara nne, umeicheza sini mara 20. Kikombe ulichoinua kwenye neno "kesho" katika shoti pana kitainuliwa kwenye "kesho" mara zote 20, kwa mkono uleule, na chai iwe imefika palepale. Kwa hiyo chagua vitendo viwili au vitatu tu, kila kimoja ukifunge kwenye neno. Kula kweli epuka ukiweza. Tonge dogo mara 20 ni sahani nzima, na kutafuna kunamnyima fundi sauti usingizi.

sikio_la_tatu:

Nimesikia naitwa.

Tatizo la waigizaji wa jukwaani si sauti kubwa peke yake. Ni kubadilisha kiwango kati ya mazoezi na teki, yaani kila mara shoti inaporekodiwa. Fundi anapanga kinasa wakati wa mazoezi, vilele vya maongezi vikifika karibu desibeli −12 (0 ndiyo kikomo cha kinasa). Ukifanya mazoezi kwa nusu sauti halafu teki ikaanza ukafoka, kilele kinakatwa na sauti inakwaruza. Hakuna mhariri wa kuirudisha. Vinasa vya biti 32 float, vinavyohifadhi hata sauti kubwa mno, vinavumilia, lakini usibashiri kwamba kipo. Mazoezi ya mwisho yafanye kwa sauti halisi, na umwambie fundi: "Kwenye mstari huu nitapaza."

Kosa la pili ni kinyume chake: ukishaambiwa upunguze, unaanza kunong'ona. Fundi analazimika kuongeza, na pamoja na sauti yako zinapanda feni, friji na pikipiki ya mbali. Kipimo ni yule unayeongea naye. Yuko mita moja? Sema ya kumfikia mtu wa mita moja.

Maiki ya kifuani hubandikwa kwenye mfupa wa kifua, kama shubiri moja chini ya kidevu. Hariri, nailoni, nguo yenye wanga, mkufu: vyote vinachakacha. Uliza mapema utavaa nini. Ile tabia ya jukwaani ya kujipiga kifua "mimi!" ni bomu dogo ndani ya maiki.

Mwisho wa kila lokesheni fundi ataomba nusu dakika hadi dakika ya ukimya ili arekodi chumba. Simama. Usihamishe uzito wa mguu, usitafute simu.

mvuta_fokasi:

Hapa nitoe namba, maana wengi wanadhani alama ya sakafuni ni ushauri. Lenzi ya mm 85 kwenye f/2 (tundu la lenzi likiwa wazi sana), sensa kamili (ya ukubwa wa fremu ya picha ya mm 35), wewe uko mita 2 kutoka kamera: eneo lililo kwenye fokasi ni sentimita 6 hadi 7 kwa jumla, mbele na nyuma. Ukipitiliza alama kwa nusu unyayo, macho yana ukungu hata kama umeigiza kama malaika. Kwa lenzi ya mm 24 kwenye f/8 uko huru zaidi. Ndiyo maana inafaa kuuliza ni lenzi gani.

Kufika bila kutazama chini: simama kwenye alama (kwa kawaida ni mkanda wenye umbo la T, vidole vya miguu pande mbili za mguu wa T), kisha rudi kinyumenyume kwa hatua za kawaida hadi pa kuanzia ukizihesabu. Hatua tano kurudi ni hatua tano kwenda. Ongeza kitu cha kugusa: mgongo wa kiti ukifika nyongani, umefika. Ikishindikana, omba mfuko mdogo wa mchanga uwekwe sakafuni, mguu usimamie hapo.

Kuinuka kitini ni mtego mwingine. Jukwaani unaruka, kwenye shoti ya karibu kichwa kinatoka kwenye fremu kabla mpiga picha hajainua kamera. Egemea mbele kwanza, kisha inuka kwa mwendo mmoja, kila mara vilevile.

Macho: chagua jicho moja la mwenzako, lile lililo karibu na lenzi, ukae nalo. Ukihama kulia na kushoto, kwenye skrini kubwa mboni zinaonekana zikicheza kama za mtu anayedanganya. Na ule mtindo wa kugeuzia hadhira kifua nusu uache mlangoni. Mwangalie mwenzako, kukupata ni kazi ya kamera.

mkasi:

Karani na sikio wamesema vizuri, ila neno "punguza" lina madhara. Mtu anabana kila kitu, na mezani kwa mhariri unapata uso uliokufa. Uliza swali moja kabla ya kila shoti: "Fremu inanikata wapi?" Ukikatwa magotini, mikono na mabega bado vinasema. Ukikatwa kifuani, mkono ulio kiunoni haupo duniani. Ukikatwa kidevuni, nyusi zinatosha na mara nyingi zimezidi. Fikira ibaki na nguvu ileile ya jukwaani. Kinachopungua ni njia zake za kutokea.

Mambo yanayokufanya utupwe kwenye uhariri:

Kupandiana maneno. Kwenye shoti yako ya karibu, mwenzako yuko nje ya fremu, sauti yake inaingia kwa mbali. Ukimkatiza, sauti mbili zinanata na siwezi kukata hapo. Acha nafasi ya pumzi fupi kati ya mstari wake na wako; kule kukatizana kutatengenezwa na mimi mezani. Kwenye shoti pana pandianeni tu kama mwongozaji ameridhia, kwa sababu itabidi mfanane.

Kuanza na "endelea!" na kuzima na neno la mwisho. Kaa kimya sekunde mbili ndani ya mhusika kabla, na mbili au tatu baada. Huko ndiko mara nyingi uso mzuri kuliko wote hupatikana.

Kujikatia mwenyewe. Umekosea neno? Rudi mstari mmoja nyuma, endelea. Anayesema "kata" ni mwongozaji. Ukicheka na kuomba radhi umetupa nusu ya kwanza ambayo pengine ilikuwa safi.

Kuzima unaposikiliza. Mhariri hukata kwenda kwa anayesikiliza kila anapotaka kuficha kasoro. Msikilizaji hai anapata dakika nyingi kwenye filamu kuliko mistari yake inavyoonyesha. Na unapokuwa nje ya fremu, mpe mwenzako uigizaji kamili, naye atakurudishia.

pazia_jekundu:

Asanteni sana wakuu, "fremu inanikata wapi" nimeiandika kwenye jalada la skripti. Swali la vionjo: nina rekodi ya mchezo mmoja iliyopigwa kutoka nyuma ya ukumbi. Inafaa?

mkasi:

Kwa video ya vionjo, hapana. Kamera ya mbali yenye mipangilio ya kujiendesha hupima giza la ukumbi, kwa hiyo nyuso zinaungua na kuwa nyeupe, na sauti ni mwangwi. Tena ukubwa wa uigizaji uliokuwa sahihi kwa safu ya mwisho unasomeka kama kupitiliza. Pia kibali cha kuigiza tamthilia ya mtu jukwaani kwa kawaida hakijumuishi kuirekodi na kuisambaza, kwa hiyo uliza kabla.

Andika, au omba mwandishi mwenzako wa chuo akuandikie, sini mpya ya watu wawili ya sekunde 60 yenye mhusika wa aina ileile ya mchezo wako. Piga shoti ya kifuani na ya usoni, mwanga wa dirisha mbele yako, kamera kwenye usawa wa macho. Video nzima iwe dakika 1 na nusu hadi 2. Jina lako sekunde 3 hadi 5, kisha ingia moja kwa moja kwenye klipu bora. Usiiweke akiba mwishoni, wengi hawafiki huko. Usiweke mkusanyiko wa picha zenye muziki: mtu anataka kukusikia ukiongea. Na klipu ambayo mwenzako anang'aa kuliko wewe ni tangazo lake.

Kazi za jukwaani ziende kwenye wasifu, sehemu yake peke yake: mchezo, mhusika, mwongozaji, chuo, mwaka.

karani_wa_sini:

Kabla hujapiga hata shoti moja, pata haya kwa maandishi, hata barua pepe inatosha kuanzia: jina lako litakavyoandikwa kwenye filamu, nani analipia chakula na usafiri, saa za kazi kwa siku, nakala ya sini zako utapewa lini na kwa ubora gani (omba faili la 1080p lisilo na alama juu yake), na ruhusa ya kuzitumia kwenye vionjo. Hilo la mwisho lina kona: matamasha mengi ya filamu hutaka filamu isiwe imeonekana hadharani, kwa hiyo mtayarishaji anaweza kukuzuia usipandishe klipu hadi mzunguko uishe. Omba basi ruhusa ya kuitumia kwa kiungo cha faragha chenye nywila, unachowatumia wachagua waigizaji tu. Wengi hukubali wakiombwa mapema; baada ya filamu kumalizika hata simu hawapokei.